Mgonjwa wa saratani arudishwe mezani

Katika kikao cha kujadili wagonjwa wa saratani, daktari wa upasuaji, wa magonjwa ya wanawake, wa picha na wa patolojia hukaa meza moja, na wanafunzi wa staji hukaa nyuma yao. Faili inasomwa, uamuzi unatolewa, inachukuliwa faili nyingine. Yule mwanafunzi wa nyuma ameondoka na nini? Mara nyingi ameondoka na neno la profesa tu. Amenakili jibu ambalo hakulitafuta, na miezi sita baadaye hajui kama lilimfaa mgonjwa au lilimdhuru. Katika mji mkubwa kama Lubumbashi, wenye mabingwa wachache wa ugonjwa huu, kikao hicho kinapaswa kuwa darasa kuu la saratani. Kitakuwa darasa siku kila aliyehudhuria atakapoandika maoni yake kabla ya wakubwa kusema, na mgonjwa akarudishwa mezani baadaye ili ijulikane yaliyompata.

Kukutana peke yake hakutoshi, na ushahidi upo. Huko Glasgow, Uskoti, madaktari wa saratani ya matiti walianza kufanya kazi kwa timu mwaka 1995. Utafiti wa wanawake 13,722 uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, katika miaka mitano, vifo vya saratani hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 18 kuliko maeneo jirani. Lakini utafiti wa Marekani katika hospitali 138 za wanajeshi wastaafu ulikuta kwamba kuwa na vikao hivi kulileta tofauti ndogo sana. Nadhani swali la kuuliza ni kikao kinaendeshwaje. Daktari Richard Cabot wa Boston alilijua hilo mapema: katika vikao vyake, daktari alitakiwa kutaja ugonjwa na sababu zake mbele ya wenzake, ndipo mtaalamu wa patolojia afunue majibu. Mwaka 1912 alichapisha makosa ya utambuzi yaliyogunduliwa kwa kupasua maiti 3,000. Aliyekwisha kutoa neno lake husikiliza majibu kwa masikio mengine.

Mfano mkubwa zaidi uko karibu nasi. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amwone mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt hakuelewa. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule, akamkumbuka wa kwanza, akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali. Alipochapisha habari hizo mwaka 1958 aliuita ugonjwa huo sarkoma. Wataalamu wa patolojia wa Kampala ndio waliobainisha kuwa ni limfoma. Mpasuaji alisahihishwa na wenzake, na ugonjwa bado unaitwa kwa jina lake.

Ili kuona uzito wa uamuzi wa mezani, tuchukue saratani ya shingo ya kizazi. Ikiwa uvimbe bado uko ndani ya shingo yenyewe na ni mdogo, upasuaji unaweza kutosha. Ukishaingia katika nyama za kando, kwa kawaida mama anahitaji mionzi pamoja na dawa. Daktari kijana asiyeitambua hatua hiyo kwa vidole vyake atampasua mama ambaye bado atalazimika kupata mionzi, na familia itabeba gharama mara mbili. Wapo watakaouliza faida ya mjadala huu wakati tiba yenyewe ni adimu. Kwangu uadimu huo ndio unaoongeza haja ya kujifunza: anayemwambia mtu auze kiwanja, avuke mpaka wa Kasumbalesa, aende hospitali ya saratani ya Lusaka, Zambia, hana ruhusa ya kubahatisha.

Watasema muda hautoshi. Basi zichaguliwe faili mbili tu kila kikao, nyingine ziamuliwe kama kawaida. Kuandika maoni ya mistari mitatu ni kazi ya dakika chache. Pingamizi la aibu ni zito zaidi. Kumheshimu mkubwa ni jambo kubwa kwetu, na sitaki livunjwe. Karatasi zisomwe bila majina, na mkuu wa huduma azungumze mwisho. Kuna pia wagonjwa wanaopotea kwa kukosa pesa au kwa kukimbilia maombi. Wapigiwe simu, na iandikwe kwamba hawakurudi na kwa nini. Kama wengi wanapotelea palepale wanapodaiwa pesa ya kipimo cha patolojia, mpango wenyewe una kasoro, na kikao kinapaswa kuujadili. Faili imeandikwa kwa Kifaransa, lakini familia imemweleza muuguzi shida zake kwa Kiswahili. Muuguzi huyo naye apewe kiti mezani, aulizwe.

Kitivo cha Udaktari cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaweza kuanza na sharti moja: kabla ya mtihani wa mwisho, kila anayesomea ubingwa awasilishe mgonjwa mmoja aliyemfuatilia mwaka mzima, pamoja na karatasi aliyoandika siku ya kwanza, kabla hajajua majibu.