Kapi la Dumu: Kazi ya Mikono katika Somo la Sayansi

Ipo kauli ambayo baadhi ya wanachuo hurudi nayo kutoka mazoezi ya kufundisha: mada ya mashine rahisi haikufundishika kwa sababu shule haikuwa na kapi. Sisi hatuikubali. Kapi ni gurudumu lenye mfereji, na gurudumu la namna hiyo laweza kukatwa katika dumu bovu la lita 20 kwa msumeno, mkasi wa bati, tupa na keekee. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, wengi wameidhania kazi ya mikono shuleni kuwa ni jembe na bustani tu. Meza ya fundi imesahauliwa.

Ubavu wa dumu ni mwembamba, kwa hiyo gurudumu hujengwa kwa visahani vilivyopangwa pamoja. Kwa bikari, chora visahani vinne vya upana wa sentimita 14 na vitatu vya sentimita 12. Vile vidogo hukaa katikati, vikubwa viwili kila upande, na mfereji hujitokeza wenyewe. Usihangaike na gundi, kwani plastiki hii haishikwi na gundi za kawaida. Funga kwa skrubu na nati. Tundu la katikati litobolewe kwa keekee, polepole, maana keekee ikienda mbio plastiki huyeyuka na kung'ang'ania. Msumari wa moto ni njia ya mkato tusiyoipenda: huacha tundu pana, lenye kingo zilizovimba, na gurudumu huyumba.

Tengeneza na gurudumu dogo, mfereji wake ukiwa na kipenyo cha sentimita 4. Yaunganishe mawili hayo kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Hapo ndipo somo lilipo. Kwa hesabu, gurudumu kubwa likizunguka mara 20, dogo lapaswa kuzunguka mara 60. Watoto wakihesabu kwa makini, watapata pungufu kidogo. Unene wa ukanda huongeza vipenyo vyote viwili kwa kiasi kilekile, na hivyo uwiano hupungua. Tena ukanda huteleza. Mwalimu anayewaamuru waandike 60 katika madaftari amewanyima sayansi yenyewe, hata kama kitabu kinamuunga mkono. Kapi zuri la dukani lingeweza kuificha tofauti hiyo. Hili letu la kuparazaparaza huionyesha.

Wapo wenzetu wanaopendekeza kuyeyusha vifuniko vya chupa na kuvimimina katika kalibu, ili kupata hata gurudumu la meno. Fundi mzoefu aweza, lakini darasani tunapinga. Plastiki ya dumu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 130 hivi za Selsiasi, na ikigusa ngozi hunata na kuunguza kuliko maji ya moto. Ikipoa husinyaa, na meno yaliyopimwa vyema hayakutani tena. Mabomba ya PVC ni hatari zaidi, kwani yakiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ni sumu kwa mapafu. Kama kipande hakijulikani, kitupwe katika ndoo ya maji: plastiki ya dumu huelea, PVC huzama. Na dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu au petroli lisiingie darasani hata likioshwa mara kumi.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini madumu yaliyopasuka bado yamejaa nyuma ya nyumba zetu. Malighafi basi si tatizo. Tatizo ni ratiba. Kazi hii haitoshi katika kipindi kimoja. Huhitaji vipindi vinne, na cha kwanza chote kitakwisha katika kupima na kuchora. Mwanachuo anayeandaa andalio la somo aviombe vipindi hivyo kwa mwalimu mkuu mapema, naye aende na kapi alilokwisha kulitengeneza mwenyewe, likiwa mkononi.