Akina Ali ni wengi: tuwasimulie watoto habari zao zote

Shukrani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Adamu (A.S.) majina ya vitu vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, siku moja baada ya Swala ya Alasiri alitujia mzee mmoja wa hapa Kilakala akiwa na shauri. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalikuwa yametoka, na mwanawe alikuwa amepata sifuri. Kijana huyo anaitwa Ali. Alipewa jina hilo siku ya saba ya kuzaliwa kwake, kwa kumkumbuka babu yake mzaa baba, na pia kwa mapenzi aliyokuwa nayo mzee huyo kwa Rais Ali Hassan Mwinyi. Tangu akiwa mdogo kijana amekuwa akiambiwa nyumbani kwamba akina Ali ni watu wakubwa, na yeye asije akaliangusha jina. Sasa jirani mmoja amemwambia mzee kwamba jina hilo ni zito, limemzidi mtoto kimo, na dawa yake ni kumbadilisha. Mzee akatuuliza: "Sheikh, nimpe jina jingine?"

Tulimwuliza kijana yuko wapi. Akasema yumo chumbani siku ya tatu, hataki kula na wenzake, na akiitwa haitiki.

Tumemwomba mzee ruhusa ya kulijibu swali lake hapa bila kumtaja, kwa sababu tunajua si nyumba moja tu yenye swali hili. Wako wazazi wanaombadilisha mtoto jina kwa kuwa analia usiku, wengine kwa kuwa anaugua kila mara, na wengine kwa kuwa wameambiwa na mganga kwamba jina limemkataa.

Tuanze na hukumu. Dini yetu inatutaka tubadilishe jina lenye maana mbaya, au lile linalomfanya mtu aitwe mja wa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Aaswiya, yaani mwenye kuasi, akamwita Jamila. (Hilo ni jina lenye herufi ya swad, wala si Asiya, jina la mke mwema wa Firauni, ambalo kina mama wetu wengi wanalo.) Imepokewa pia kwamba mjukuu wake, Hassan, alipozaliwa, baba yake alimpa jina la Harb, yaani vita, na Mtume akalibadilisha. Jina la Ali halina aibu yoyote ya namna hiyo. Maana yake ni aliye juu, aliyetukuka. Ni jina jema kwa maana yake na jema kwa waliolibeba. Basi anayemvua mtoto jina hilo kwa sababu ya mtihani hafuati sunna ya kubadilisha majina mabaya, anafuata dhana. Jina halikukaa kwenye chumba cha mtihani likaandika majibu, na wala halikuyafuta.

Hata hivyo hatuwezi kumlaumu jirani peke yake. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kulifanya jina hilo kuwa mzigo, pale alipomsimulia mwanawe nusu tu ya habari za akina Ali. Alimsimulia walivyopanda, asimsimulie walivyoanguka.

Tumtazame wa kwanza wao kwa cheo, Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.), aliyesilimu akiwa mtoto, akalala katika kitanda cha Mtume usiku wa Hijra huku maadui wakiuzunguka mlango, na akawa khalifa wa nne. Kila mtoto wa madrasa anayajua hayo. Lakini ni wangapi tuliowasimulia kisa cha Abu Turab? Imam Bukhari amepokea kwamba siku moja palitokea kutoelewana kati ya Sayyidna Ali na mkewe, Bibi Fatima (R.A.). Akatoka nyumbani, akaenda kulala msikitini, na shuka yake ikamwanguka mgongoni, akajaa mchanga. Mtume (S.A.W.) alipofika nyumbani asimkute, hakutuma maneno ya kumkemea. Alimtafuta, akamkuta amelala, akaanza kumpangusa mchanga kwa mkono wake mwenyewe huku akimwita Abu Turab, yaani baba wa udongo, na kumwambia ainuke. Wapokezi wanasema kwamba katika majina yote aliyoitwa, hakuna alilolipenda kuliko hilo.

Tulitafakari hili, ndugu msomaji. Mtu ambaye jina lake ni aliye juu alifurahi kuitwa baba wa udongo, kwa kuwa aliitwa hivyo siku aliyokuwa na huzuni, na aliyemwita alikuwa amekuja kumwinua.

Hapa yatupasa pia kusema neno kuhusu lakabu. Jina hili limeenea mno miongoni mwetu. Katika madrasa zetu za Morogoro mwalimu akiita "Ali!" huinuka wanne, na watoto hutafuta namna ya kuwatenganisha: Ali Mfupi, Ali Kigugumizi, Ali Zero. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Hujurat, aya ya 11, tusiitane kwa majina ya kejeli. Lakabu ya Abu Turab ilimpangusa mtu mchanga. Lakabu zetu nyingi humpaka. Walimu na wazazi, watenganisheni watoto kwa majina ya baba zao na babu zao. Kila Ali ana baba yake.

Sasa tuje kwa akina Ali wa nchi zetu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 kijijini Kivure, katika wilaya ya sasa ya Mkuranga, akalelewa Zanzibar, na kazi yake ya awali ilikuwa ualimu. Alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Alifariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani, Unguja. Hiyo ndiyo nusu ambayo mzee wetu alikuwa akiisimulia. Nusu nyingine ni kwamba katika miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, raia walifariki mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Si yeye aliyewatendea, lakini wizara ilikuwa yake, naye akajiuzulu. Akawa mtu aliyeacha uwaziri kwa jambo baya lililotokea chini yake. Baadaye alipelekwa kuwa balozi nchini Misri. Siku ile hakuna aliyejua kwamba miaka michache mbele angekabidhiwa nchi nzima. Ukimpa mtoto jina la mtu huyu, mpe na kisa hiki: kwamba aliinama chini ya wajibu wake, na kuinama huko hakukumpunguzia heshima.

Kule Mombasa alizaliwa mwaka 1933 Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya. Naye, kama kijana wetu wa Kilakala, alikuwa na jina la babu yake. Baba yake alifariki mwaka 1947, yeye akiwa na umri wa miaka 14. Alipofanya mtihani wa kumaliza sekondari, matokeo yake yalikuwa duni, na Chuo cha Makerere kikamkataa. Mtoto wa kadhi mkuu, mjukuu wa wanavyuoni, akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu ya mjini kwao. Fikiri yaliyosemwa barazani Mombasa siku hizo! Lakini aliendelea kusoma. Alipata nafasi ya kwenda Uingereza, akapata shahada Manchester, kisha Columbia kule Marekani, na mwaka 1966 akapata shahada ya udaktari ya Oxford. Na Makerere ile ile iliyomkataa akiwa mwanafunzi ilimfanya profesa wake katika miaka ya 1960. Mwaka 1986 dunia ikamwona kwenye televisheni akieleza urithi wa aina tatu wa Afrika. Alifariki Marekani mwezi Oktoba 2014, na mwili wake ukarudishwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya wazee wake.

Yuko pia Sheikh Ali Muhsin Barwani wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1919. Alikuwa waziri katika serikali iliyoondolewa na Mapinduzi ya Januari 1964, na baada ya hapo alikaa gerezani takriban miaka 10. Siasa za wakati ule zina wenye kuzisema, nasi hatuzifungui hapa. Tunalotaka kulitaja ni kwamba mtu huyo, baada ya kupoteza cheo, uhuru na nchi, aliifanya kazi ya kuitarjumu Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili, na tarjama yake imo katika nyumba na misikiti yetu mingi. Alifariki Muscat mwaka 2006. Yamkini wengi wanaomkumbuka leo wanamkumbuka kwa kazi ile aliyoifanya baada ya kuanguka kuliko cheo alichokuwa nacho kabla yake.

Na nje ya nchi zetu, nani asiyemjua Muhammad Ali, bondia wa Marekani? Kwake Ali lilikuwa jina la pili, alilopewa mwaka 1964 alipoliacha jina la Cassius Clay. Mwaka 1967 alikataa kwenda kupigana Vietnam, akanyang'anywa ubingwa, akazuiwa kupigana kwa zaidi ya miaka mitatu katika umri ambao bondia ana nguvu zake zote. Ubingwa aliurejesha Kinshasa, mwezi Oktoba 1974.

Na jina hili si geni kwetu la jana. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na miongoni mwa majina ya watawala yaliyochapwa juu yake limo la Ali bin Hassan. Wataalamu huzihesabu sarafu hizo kuwa za karne ya 11 hivi. Ni majina yale yale mawili ya Rais wetu, takriban miaka 900 kabla yake.

Hapa milimani nako wenyeji wanajua maana ya jina kupita kwa watu wengi. Kule Kinole, Uluguru, kila anayerithi uchifu huitwa Kingalu. Jina ni moja, watu ni wengi, na kila mmoja wao hukumbukwa kwa mwenendo wake mwenyewe.

Basi jibu letu kwa mzee lilikuwa hili. Usimbadilishe jina. Ukimbadilisha leo utakuwa umemwambia kwamba yeye amekosa thamani hata ya jina la babu yake, na jeraha hilo halitibiwi na jina jipya. Rudi nyumbani, gonga mlango, keti naye, kula naye. Mwite kwa jina lake kwa sauti ya mapenzi, kama Mtume alivyomwita Ali msikitini. Umsimulie pia ulivyoanguka wewe, maana sidhani kama amewahi kusikia. Kisha zungumzeni la kufanya. Akitaka kurudia mtihani, ataandikishwa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akipenda ufundi, chuo cha VETA kipo hapa hapa Kihonda, na fundi mwaminifu ana heshima mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya watu. Na kama alizembea, mwambie kweli kwamba alizembea, kwa kuwa kumwinua mtu hakuna maana ya kumficha kosa lake. Sayyidna Ali aliambiwa ainuke, hakuachwa aendelee kulala.

Mzee aliondoka bila kusema neno. Wiki iliyofuata walikuja wawili. Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Sheikh, huyo wa Mombasa, chuo kilipomwita akafundishe, alikwenda?" Tukamwambia alikwenda. Akatikisa kichwa, akainama kufunga viatu vyake.

Wazazi wenzetu, majina mema tumewapa watoto wetu, alhamdulillahi. Jina ni dua ya siku ya saba, na dua hiyo inahitaji kusaidiwa kwa malezi ya miaka iliyobaki. Anayemwita mwanawe Ali, Khadija, Bilal au Maryam, asome habari za wenye majina hayo hadi mwisho, na asiruke kurasa za dhiki. Bilal alilazwa juu ya mchanga wa moto kabla ya kuadhini. Maryam alitukanwa na jamaa zake akiwa amembeba mtoto mikononi. Mtoto anayezijua kurasa hizo, siku yake ya dhiki ikifika hatadhani kwamba amefukuzwa katika jina lake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu wawe wema kuliko majina yao, atupe subira sisi tuliowapa majina hayo, na atujaalie kuitwa kwa wema siku tutakapoitwa sote. Amin.

Wabillahi tawfiq.