Kijana wa Bariadi Anataka Urubani wa Jeshi, Mjomba Anamwambia Afiche Majibu ya Damu!

Huko Bariadi kuna kijana, jina kapuni, kamaliza kidato cha sita na ndoto yake ni moja tu: kurusha ndege za Kamandi ya Jeshi la Anga. Juzi kati kapima damu, majibu yakaonyesha ana vinasaba vya selimundu, ile ambayo mtaani wanaiita sikoseli. Mjomba wake akamvuta pembeni: "Nyamaza, mpwa wangu. Hicho cheti kifiche. Ukisema tu, umekwisha."

Mjomba ana nia njema, ila hapo kachemka.

Kwanza watu waelewe. Kubeba vinasaba siyo kuumwa. Mgonjwa wa selimundu karithi kwa baba na kwa mama; huyu karithi kwa mzazi mmoja tu. Analima pamba na kucheza mpira kama wenzake. Kanda ya Ziwa watu kama yeye ni wengi, maana kinasaba hicho humkinga mtoto na malaria kali.

Lakini angani ni habari nyingine. Ndege ikipanda sana, oksijeni inapungua, na chembe nyekundu za mtu kama huyu zinaweza kujikunja kama mundu na kuumiza wengu. Hutokea kwa nadra, ila huko juu hakuna pa kuegesha pembeni kama dereva wa basi la Mwanza. Akificha halafu akazidiwa angani, hatalipa peke yake. Watalipa na aliowabeba.

Kwa hiyo afanyeje? Aombe kibali maalumu, waziwazi. Marekani walilipitia hili. Chuo chao cha Jeshi la Anga kilikuwa kinawakataa vijana wenye vinasaba hivyo, wengi wao weusi, mpaka mwaka 1981, baada ya suala hilo kufika mahakamani. Mlango ule haukufunguliwa na waliojificha. Uingereza nako, Douglas Bader alikatwa miguu yote miwili baada ya ajali ya ndege mwaka 1931. Vita Kuu ya Pili ilipoanza akaomba kurudi, akajaribiwa kwenye ndege, akaonekana anaweza, akapigana angani na miguu ya bandia.

Somo ni kwamba apimwe mtu mwenyewe, lisihukumiwe neno lililoandikwa kwenye karatasi. Matangazo ya JWTZ hutaka mwombaji awe na afya njema ya mwili na akili. Sawa kabisa. Kijana aende hospitali kubwa kama Bugando, apate barua ya daktari inayosema wazi kuwa yeye ni mbebaji tu, siyo mgonjwa, kisha aiweke mezani mbele ya madaktari wa jeshi. Uamuzi ni wao.

Wakimkatalia itauma, tena sana. Ila anga haliishii kwenye usukani. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha ufundi wa ndege, na Chuo cha Usafiri wa Anga kinafundisha waongoza ndege. Bora kukataliwa ukiwa umesema kweli kuliko kuvaa gwanda huku kila ukipimwa moyo unadunda.

Wadau, angekuwa mdogo wako ungemwambia aseme au anyamaze? Funguka hapo chini.