Mbegu Isiwe Mnyororo

Lignini ndiyo inayokaza shina la majani hata tumbo la ng'ombe likashindwa kuyameng'enya vema. Mwaka 2014 Serikali ya Marekani iliruhusu majani ya lusini yaliyogeuzwa vinasaba ili lignini ipungue. Faida hiyo si uzushi, na wataalamu wa umma walishiriki katika utafiti wake. Lakini makampuni yaliifungamanisha na kinasaba cha kuhimili dawa ya magugu yanayoiuza, kisha yakamfunga mkulima kwa mkataba unaomkataza kuweka mbegu.

Ilhali mahindi yenye lignini haba yalionekana Minnesota mwaka 1924, yakiwa zao la maumbile tu! Wanaoisifu sayansi pasipo kuuliza mbegu ni ya nani wanasifu malisho na kuusahau mnyororo. Jasho la umma lazima liutumikie umma.