Kama Bado Ni com.example, Hiyo Apu Si Yako

Wasee wa Hagadera, Ifo, Dagahaley, na nyinyi wa Garissa mjini: leo sina vichekesho. Nina hasira, na nusu ya hiyo hasira najielekezea mwenyewe.

Kila wiki mtu ananitumia apu. "Buda, cheki kazi yangu, niwekee kwa peji." Nafungua. Rangi imebadilishwa, jina limebadilishwa, picha ya ngamia imewekwa. Sawa. Halafu naomba kuona mafaili yenyewe, na humo ndani mabaki ya Flutter ya siku ya kwanza yamejaa. Kile kihesabio cha kuhesabu umebonyeza kitufe mara ngapi bado kimelala kwa kona. Faili la kukijaribu bado lipo. Maelezo bado yanasema huu ni mradi mpya wa Flutter. Na kitambulisho cha apu ni com.example.flutter_application_1.

Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Si inafanya kazi? Kwani nani ataona?"

Nitakwambia nani aliona. Mama yangu mdogo.

Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, nilirudi hapa nikajiunga na darasa la kutengeneza apu. Kompyuta moja tulitumia watu wanne kwa zamu. Msichana mmoja wa hilo darasa alitengeneza apu ya madeni: jina la mteja, alichukua nini, amelipa ngapi. Kazi safi. Habaryar wangu ana duka sokoni, anauza sukari, unga na maziwa ya ngamia, na nusu ya wateja wake hulipa mwisho wa mwezi. Akaikubali hiyo apu. Miezi mitatu aliweka kila kitu humo, daftari akaachana nalo.

Mimi nikatengeneza yangu, apu ya maswali ya watoto. Siku moja nikaituma kwa simu yake ili binti yake acheze. Simu ikauliza kama nataka kusasisha apu iliyopo. Nikabonyeza ndio bila kusoma, kama kila mtu. Ile ya madeni ikapotea, yangu ikakaa mahali pake.

Habaryar akapiga kelele. Mimi, divelopa mkubwa, nikashikwa na hofu, nikafuta apu yangu nikidhani ile ya zamani itarudi. Wallahi hapo ndipo nilipomaliza kila kitu. Data ya madeni ilikuwa bado ndani ya simu. Mimi ndiye niliyeifuta nikiondoa apu. Miezi mitatu, kwisha. Alizunguka mlango kwa mlango akiuliza watu wanadaiwa ngapi. Wengine walisema ukweli. Wengine walisema wameshalipa.

Kwa nini ilitokea? Simu ya Android haijali jina zuri uliloandika chini ya picha. Inaangalia kitambulisho cha ndani, na sahihi iliyotumika kufunga apu. Sisi wawili tuliacha jina la mradi ambalo kompyuta ilipendekeza, na com.example ambayo kiolezo huja nayo. Tukafunga apu zetu kwenye kompyuta moja, kwa sahihi ile ile ya majaribio ambayo kompyuta hujitengenezea. Kwa simu, hizo hazikuwa apu mbili. Ilikuwa apu moja, toleo jipya.

Nyinyi mnaokumbuka Bamba Chakula, fikiria familia mbili zimesajiliwa kwa laini moja. Pesa ya mwezi ikiingia, nani anakula? Hakuna mtu kambini anahitaji kuelezwa hiyo mara mbili. Basi mbona apu zetu tunazitoa bila kitambulisho chake?

Na hicho ni kimoja tu. Kiolezo cha Flutter kinaweka ruhusa ya intaneti kwa toleo la majaribio, si kwa lile la kutoa. Kwa hivyo kwako inashika vizuri, ukimpa jirani apu iliyofungwa rasmi, haifungui kitu. Halafu unalaumu mtandao wa Hagadera! Lile faili la kujaribu kihesabio nalo litafeli ukishatoa kihesabio, na wewe ukishazoea kuona jaribio jekundu kila siku, siku kosa la kweli likitokea hutashtuka. Play Store yenyewe hukataa kitambulisho cha com.example. Na kichekesho ni kwamba kiolezo kimekuandikia humo humo: weka kitambulisho chako, weka sahihi yako. Hatusomi.

Najua utasema: "Mimi bado najifunza, usinikatishe tamaa." Jifunze. Kiacheni kihesabio mwezi mzima, kivunje, kirudishe, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini siku unapompa mtu mwingine apu aweke pesa yake, jina la mtoto wake au deni lake humo, kujifunza kumeisha. Hapo umechukua amana.

Na nyinyi mnaofundisha, hamjaponyoka. Mnatupa cheti siku kihesabio kinapobadilika rangi, tunapigwa picha, ripoti inaenda. Somo la kufuta halipo kwa ratiba, kwa sababu kufuta hakupigwi picha.

Kwa hivyo, siku ya kwanza, kabla hujagusa rangi: badilisha kitambulisho, kiwe chako peke yako. Siku ya kwanza, kwa sababu ukishakitoa Play Store hakibadiliki tena, na ukikibadilisha baada ya watu kuanza kutumia, simu zao zitaona apu mpya tupu. Toa kihesabio na jaribio lake, andika jaribio la kazi yako. Weka ruhusa ya intaneti kwa faili kuu kama unaihitaji. Tengeneza sahihi yako, uitunze mahali hutaipoteza. Andika maelezo yako mwenyewe, hata mistari miwili. Mstari ambao huwezi kueleza uko hapo kwa nini, uulize. Usipopata sababu, utoe, ujaribu apu tena.

Habaryar amerudi kwa daftari. Nimemtengenezea apu nyingine, yenye kitambulisho chake na sahihi yake. Amenisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, akasema, "Iweke kwa simu yako kwanza, mwanangu. Miezi mitatu."

Ana haki. Nahesabu siku.