Gari Hulalama Kabla ya Kusimama

Juma hili safu yetu yatoka jikoni na kuingia barabarani. Katika nyumba nyingi za Eastleigh, mama ndiye apelekaye watoto shuleni na madrasa, ndiye aendaye sokoni, na ndiye abakiaye njiani gari likizimika. Hivyo si vyema elimu hii ikaachiwa mafundi peke yao.

Tuanze na yaliyotufika wenyewe. Alasiri moja tulikwama katika foleni ya First Avenue, mikokoteni mbele na matatu ubavuni, watoto wawili nyuma. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Tulipochomoka na kushika Juja Road, ukashuka, tukashukuru, tukasahau. Mchezo huo ukarudi siku tatu. Fundi wa kwanza akatwambia tununue rejeta mpya, na tulikuwa tumekwisha kuanza kuhesabu fedha. Wa pili hakugusa kitu. Aliuliza swali moja tu: “Mama, hupanda lini?” Tulipomweleza, alicheka, akaifunua feni. Haikuwa ikizunguka kabisa. Waya wake ulikuwa umekatika.

Sababu yake ni nyepesi. Gari likienda, upepo huipoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo yabaki kwa feni. Basi joto likipanda kwenye foleni na kushuka mwendoni, ishukuni feni kwanza. Likipanda mkiwa mwendo wa kasi au mlimani, huenda maji yamepungua, rejeta imeziba, au pampu ya maji imechoka. Dalili ni ile ile ya mshale, lakini wakati wake ndio uelezao ugonjwa.

Mshale ukifika kwenye alama nyekundu, egesheni mahali salama na mzime injini. Wala msifungue kifuniko cha rejeta hali ingali moto. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na maji ya sufuria iliyo wazi huchemka huku kwenye nyuzi kama 94, si 100 kama Mombasa. Ndani ya rejeta, kifuniko huyabana maji hata yakapita nyuzi 100 bila kuchemka. Mkikifungua, hufoka kwa ghafula na kubabua uso na mikono. Subirini hadi injini ipoe kabisa.

Moshi nao una lugha yake. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni mvuke tu, hutoweka. Ukiendelea kuwa mzito baada ya injini kupata moto, na maji yakawa yapungua, huenda maji yaingia ndani ya injini. Msiendelee na safari. Moshi wa buluu ni oili iunguayo. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa, na pengine chujio la hewa limejaa vumbi, nalo vumbi mitaani kwetu halina haja ya kutafutwa.

Tazameni pia sakafu pale gari lilipolala. Matone ya maji safi baada ya kutumia kipoza hewa si neno. Matone meusi ya utelezi ni oili. Ya kijani, mara nyingi, ni maji ya rejeta. Mekundu huenda yatoka kwenye giaboksi.

Ziko dalili zisizongoja kesho. Taa nyekundu yenye umbo la birika ikiwaka mkiwa mwendoni, oili haiifikii injini kwa nguvu itakiwayo: simameni, zimeni. Pedali ya breki ikizama kama mto wa pamba, gari lisitoke nyumbani. Mkisikia chuma kikisaga chuma kila mkanyagapo breki, pedi zake zimekwisha. Na harufu ya petroli ikijaa ndani, zimeni injini, watoeni watoto kwanza, na asiwashe mtu kiberiti.

Nyingine zataka subira kidogo, si kupuuzwa. Mlio wa tik-tik mgeuzapo ufunguo, mara nyingi, ni betri dhaifu au vichwa vya nyaya zake vimelegea. Usukani utetemekao mwendo wa kasi wasema tairi hazikusawazishwa. Ukitetemeka mkanyagapo breki tu, zitazameni sahani za breki.

Mfikapo kwa fundi, msimtajie kipuri, mtajieni dalili. Ilianza lini, injini baridi au moto, kwa mwendo gani, gari likipanda au likisimama. Ukisema “nibadilishie rejeta,” atabadilisha, nawe utalipa, na ugonjwa utabaki. Mwombeni awaonyeshe kilichoharibika kabla ya mtu kutumwa Barabara ya Kirinyaga, ile wengi waiitayo Grogan bado, kununua kipya. Na kipuri cha zamani mkabidhiwe mkononi. Huko si kumdhania mtu vibaya. Ni kuweka amana wazi baina ya watu wawili.

Sikukuu yakaribia, na wengi wetu tutateremka pwani, safari ya kilomita zipatazo 480. Asubuhi ya kuondoka, injini ingali baridi, pimeni oili, tazameni maji, kagueni tairi zote pamoja na ile ya akiba. Kumtegemea Mola hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake kwanza. Sisi tulisamehewa siku tatu za kupuuza mshale. Barabara haisamehi kila mtu, na waliokaa kiti cha nyuma hawakuchagua dereva.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama. Wassalaam.