Kumsomea Sheria, au Kumkanya?

Mtu akikemewa vikali na kuonywa kwamba akirudia atakiona, Waingereza husema amesomewa "riot act". Mara kadhaa nimekuta wafasiri wetu wakiandika: "Baba alimsomea sheria ya ghasia." Kwa maoni yangu hilo ni kosa, na asili ya msemo wenyewe ndiyo ushahidi.

Hiyo ilikuwa sheria hasa ya Bunge la Uingereza, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1715, enzi ya Mfalme George wa Kwanza. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu aliwasomea kwa sauti tangazo fupi la kuwaamuru, kwa jina la Mfalme, watawanyike. Walipewa saa moja. Aliyebaki baada ya hapo alistahili adhabu ya kifo, na askari waliomuua mtu katika kuwatawanya walikingwa na sheria. Tarehe 16 Agosti 1819, mjini Manchester, wapanda farasi wenye mapanga waliwavamia maelfu waliokuwa wakidai uwakilishi bungeni. Wengi walionusurika walisema hawakusikia tangazo lolote likisomwa.

Basi kusomewa huko hakukuwa matusi wala makelele. Lilikuwa neno la mwisho kabla ya upanga. Sheria imekwisha kufutwa, lakini msemo umebaki na maana hiyo: acha sasa, la sivyo yatafuata mengine.

Kwetu, "kumsomea mtu" kuna njia zake. Mshtakiwa husomewa mashtaka, mgonjwa husomewa dua, mwizi asiyejulikana husomewa Halbadiri. Msomaji akikuta baba amemsomea mwanawe sheria, atadhani wako mahakamani. "Kumpa vidonge vyake" nako hakutoshi, kwani aliyevitoa huwa amekwisha kutua dukuduku lake, wala haahidi adhabu. "Kumfokea" ni sauti tu.

Neno ninalolipendekeza ni kukanya. Ndani yake mna karipio, mna katazo, na mna onyo la yatakayomfika asiyesikia la mkuu. "Baba alimkanya, akamwambia hiyo ni mara ya mwisho": hapo Mswahili ameelewa bila kupitishwa London.

Washairi wenzangu, mwenye neno bora zaidi na alilete. Nikiwa nimekosea, niko tayari kukanywa.